Kituo kwenye mpaka wa mitaa: historia fupi ya Centre Jeunes Kamenge

Februari 1991 Warundi walipiga kura kuikubali Hati ya Umoja. Mauaji ya kikabila ya Ntega na Marangara, kaskazini mwa Burundi, ya Agosti 1988 yalikuwa bado mabichi, na serikali ya Rais Pierre Buyoya ilitaka taifa zima litamke kwamba damu iliyomwagika imetosha. Mwaka huohuo, kaskazini mwa Bujumbura, ilianza kazi ya umoja ya namna nyingine, isiyo na sanduku la kura. Kituo cha vijana kilianza kusimama Kamenge: viwanja vya mpira, maktaba, madarasa, kumbi. Kwa Kifaransa kikaitwa Centre Jeunes Kamenge, na jina hilo ndilo lililobaki.

Waliopewa jukumu la kukianzisha na kukiendesha ni wamisionari Wasaveri, shirika la kikatoliki lililoanzishwa Parma, Italia, mwaka 1895. Chini ya utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza wamisionari wengi wa kigeni walikuwa wamefukuzwa nchini. Baada ya Bagaza kupinduliwa mwaka 1987, mlango ukafunguliwa tena. Jimbo la Bujumbura, likiongozwa wakati huo na Askofu Simon Ntamwana, lilihitaji watu wa kufanya kazi na vijana wa mitaa ya kaskazini. Padre Msaveri Claudio Marano akawa uso wa kituo hicho kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mahali penyewe palichaguliwa vizuri, na panastahili kuelezwa. Kituo kiliwalenga vijana wa mitaa sita: Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Ngagara ilijengwa kwa mpango enzi za Wabelgiji, nyumba zimepangwa kwa mistari. Kinama na Buterere wengi walijijengea wenyewe, tofali kwa tofali. Kirundi, Kiswahili na Kifaransa vilisikika pamoja. Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu waliishi jirani. Shule nyingi za msingi ziligawa siku kwa zamu mbili kwa kukosa madarasa, kwa hiyo watoto wengi walikua huku nusu ya siku yao ikiwa tupu, na wakifika ujana utupu huo ulikuwa na watu wengi wa kuujaza.

Na kweli ulijazwa. Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais Juni 1993, akauawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Vita vilivyofuata viliigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa. Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu, Ngagara na Cibitoke zikawa za Watutsi, na aliyevuka barabara isiyo yake huenda asingerudi nyumbani. Makundi ya vijana kama Sans Échec na Sans Défaite yalifunga mji kwa mawe na mabomu ya mkono. Mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge na wakazi wakatawanyika. Ikumbukwe kwamba vijana wa makundi hayo nao walikuwa na viongozi wao, wenye ujasiri na wafuasi. Mji haukupungukiwa vijana wa kuongoza. Swali lilikuwa nani anawafundisha kuongoza, na kuwaelekeza wapi.

Kituo kilijikuta katikati ya mapigano hayo, na kikaendelea.

Kilichotolewa pale hakikuwa mahubiri. Kijana alijiandikisha, akapewa kadi, akaingia. Kadi haikuuliza kabila. Ndani alikuta mpira wa miguu na wa kikapu, ngoma na maigizo, masomo ya lugha na kompyuta, vitabu ambavyo shule yake haikuwa navyo, mafunzo kuhusu UKIMWI na mijadala juu ya amani. Mtu anaweza kuyadharau mambo haya akiyaona ni ya kupitisha muda. Lakini timu ya mpira haichezi bila mtu wa kuipanga, maigizo hayapandi jukwaani bila mtu wa kukusanya wenzake kwenye mazoezi, na mjadala huvunjika kama hakuna anayegawa zamu za kusema. Kwa kazi hizo ndogondogo, mvulana au msichana wa miaka kumi na sita alijifunza kusimama mbele ya watu, kutoa hoja yake, kupingwa bila kuondoka, na kumpinga mwingine bila kumtukana.

Hilo lilikuwa jambo kubwa katika nchi ambayo uongozi wa jadi uliwekwa mikononi mwa abashingantahe, watu wazima waliopimwa kwa miaka kabla ya kukabidhiwa fimbo ya hukumu. Kijana alikaa, akasikiliza. Hekima hiyo ina thamani yake hadi leo, lakini vita viliwakuta vijana wakiitwa kushika silaha na hali hawajawahi kuitwa kutoa maoni.

Kambi za kazi ndizo zilizokipa kituo sura yake. Wakati wa likizo, vijana wa mitaa iliyokuwa ikiviziana walifyatua matofali pamoja na kusaidia kujenga upya nyumba zilizobomolewa na vita. Ni vigumu kuendelea kumwogopa mtu ambaye asubuhi nzima umepokezana naye matofali kuinua ukuta wa nyumba ya jirani yake, au wa jirani yako.

Mwaka 2002 kituo kilitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo wengi huiita Nobel mbadala na ambayo imekuwa ikitolewa Stockholm tangu 1980. Kiliheshimiwa pamoja na mwanasheria Martín Almada wa Paraguay, mtaalamu wa umeme wa jua Martin Green wa Australia, na shirika la Kvinna till Kvinna la Sweden. Mkataba wa amani wa Arusha ulikuwa na miaka miwili tu tangu kutiwa saini, na mapigano yalikuwa hayajaisha. Hivyo dunia ilikipongeza kituo kikiwa bado kazini.

Aprili 2015 maandamano yalipozuka Bujumbura, Cibitoke na Ngagara zilikuwa tena miongoni mwa mitaa iliyowaka, safari hii mpasuko ukiwa zaidi wa kisiasa kuliko wa kikabila. Kazi ya namna hii haimalizwi na kizazi kimoja: aliyejiandikisha mwaka 1993 akiwa na miaka 16 sasa anaweza kuwa na mtoto wa umri huo.

Wala kazi hii si ya mjini pekee. Askofu Ntamwana alihamishiwa Gitega mwaka 1997, akawa askofu mkuu baada ya mtangulizi wake Joachim Ruhuna kuuawa Septemba 1996. Huko, katika maeneo ya vilimani kama Ryansoro, kijana akitoka shule anasubiriwa na ndoo ya maji, majani ya mbuzi na shamba la maharage. Hana mtaa jirani wa kukimbilia wala pesa ya gari la kumpeleka mjini. Kituo kikubwa cha aina ya Kamenge hakiwezi kujengwa kila kilima. Ila kadi isiyouliza kabila, kikundi cha ngoma kinachosimamiwa na vijana wenyewe, saa moja ya mjadala baada ya masomo na siku chache za kazi ya pamoja wakati wa likizo havihitaji jengo kubwa. Vinahitaji chumba cha darasa kilichoachwa wazi jioni, na mtu mzima mmoja anayekubali kukaa nyuma ya chumba wakati kijana anaongoza kikao.