Mbegu Zilizotunzwa, Mikunde Iliyoboreshwa

Kunde ni mwenyeji wa Afrika. Mbaazi ilivuka Bahari ya Hindi kutoka India, na maharagwe yalitoka Amerika baada ya Wareno kufungua njia za baharini. Mikunde hiyo yote ilipofika nyanda kavu za Machakos, nchini Kenya, ilipimwa kwa kipimo kimoja: mvua haba. Vizazi kwa vizazi, Wakamba, wenyeji wa huko, walitenga punje bora kila msimu, wakazikinga na fukusi kwa majivu, wakagawiana na majirani. Iliyostahimili ukame ilibaki.

Wataalamu walikuja kuona thamani ya kazi hiyo baadaye. Mwanasayansi wa Kisovieti Nikolai Vavilov alizunguka dunia akikusanya mbegu kwa ajili ya hazina ya Leningrad, na mji huo ulipozingirwa mwaka 1941, baadhi ya watunzaji wake walikufa kwa njaa bila kuigusa akiba hiyo. Taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT iliyoanzishwa India mwaka 1972 ilikusanya sampuli zaidi ya 13,000 za mbaazi. Kenya nayo ilianzisha benki yake ya mbegu Muguga katika miaka ya 1980. Humo mbegu hukaushwa na kugandishwa kwenye baridi kali, kisha hupimwa mara kwa mara kama bado zinaota.

Lakini mbegu iliyogandishwa haimshibishi mtu. Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilifanya kazi ya kuziingiza sifa za mbegu shambani. Mbaazi ya kienyeji hupandwa mvua za vuli na kuvunwa Agosti ya mwaka unaofuata. Mvua ikikatika, jasho limepotea. Kuleta aina za mapema kutoka ng'ambo hakukutosha, kwa kuwa mbaazi huchanua kwa kufuata joto na urefu wa mchana. Ndiyo maana zilijaribiwa tangu Mtwapa pwani kwenye joto, kupitia Kiboko na Katumani, hadi Kabete kwenye ubaridi. Leo mkulima ana mbaazi ya KAT 60/8, inayoweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Ana kunde za K80 na M66, zinazoliwa majani na punje. Ana pia maharagwe ya KAT B1 na KAT B9, yanayowahi kukomaa kabla ardhi haijakauka. Mbaazi ya ICEAP 00040, inayohimili ugonjwa wa mnyauko, ilisambaa hadi Tanzania na Malawi.

Msingi wa uboreshaji huo ni mbegu za wakulima, kwa hiyo wana haki nazo. Novemba 2025, katika kesi iliyofunguliwa Machakos, Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyofanya kugawana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa. Sasa serikali ikusanye mbegu za kienyeji ambazo bado zimo vijijini, na milango ya Muguga ifunguliwe kwa wakulima kama ilivyo wazi kwa watafiti.