Madondoo na Njia ya Kutokea: Funzo la Zaidi ya Karne Tano

Mtu anayetafuta leo programu ya kutunzia madondoo yake hukutana na orodha ndefu: Evernote, OneNote, Notion, Obsidian, Joplin, Google Keep na nyingine nyingi. Kwa kawaida atalinganisha bei, wepesi wa kuandika, sura ya ukurasa, na namna kila moja inavyopanga mambo: kwa folda, kwa lebo, au kwa viungo vinavyounganisha dondoo moja na jingine. Yote hayo yana uzito wake, lakini yanaacha swali ambalo historia ya kazi hii imelijibu tena na tena: madondoo hayo yatatokaje humo siku chombo kitakapokufa, kitakapopandishwa bei, au kitakapoacha kumfaa mwenyewe? Wasomi wamekuwa wakichagua vyombo vya kuwekea walichosoma na walichofikiri kwa zaidi ya karne tano, na vyombo hivyo karibu vyote vimepita. Yaliyosalia ni yale yaliyoandikwa kwa namna isiyomhitaji fundi wa chombo ili yasomeke. Hoja yangu ni kwamba njia ya kutokea ndiyo inayopaswa kuwa kigezo cha kwanza cha kuchagua, na kwamba sifa nyingine zote zipimwe baada ya hiyo.

Tuanze na daftari lililojalidiwa. Mwaka 1512 mwanazuoni Erasmus aliwashauri wanafunzi waandae daftari lenye vichwa vya habari, kisha wapange chini ya kila kichwa mambo mazuri waliyoyakuta vitabuni. Ushauri huo ulienea Ulaya nzima, lakini ulikuwa na kasoro ambayo kila mwandishi wa daftari anaijua: kichwa kimoja hujaa na kumwagika, kingine hubaki kitupu, na lililokwisha kuandikwa ukurasa wa 40 haliwezi kusogezwa hadi ukurasa wa 12. Conrad Gessner, tabibu na mwanazuoni wa Zürich, alikuwa na tatizo hilo kwa ukubwa wa kutisha, kwa sababu alikuwa akiorodhesha vitabu vya waandishi wote wa Kilatini, Kiyunani na Kiebrania aliowafahamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1548 alieleza namna alivyofanya: andika upande mmoja tu wa karatasi, kila jambo kwenye mstari wake, kisha kata kwa mkasi, panga vipande mezani, vihamishe hadi uridhike, ndipo uvigandishe. Mkasi huo ulilitoa dondoo katika kifungo cha ukurasa. Tangu hapo jambo lililoandikwa liliweza kupangwa upya bila kuandikwa upya, na kila hatua kubwa iliyofuata imetokana na uhuru huo.

Wapo waliobaki na daftari na kutafuta dawa kwenye faharasa. Aliyesifika zaidi ni mwanafalsafa John Locke, aliyechapisha njia yake kwa Kifaransa mwaka 1686 alipokuwa uhamishoni Uholanzi. Alitenga kurasa mbili za mwanzo na kuzigawa vyumba 100: herufi 20, kila moja na irabu tano. Kila kichwa cha habari kiliingia kwenye chumba cha herufi yake ya kwanza na irabu inayofuata, kwa hiyo neno la Kilatini "epistola" lilikaa kwenye E na i, na mbele yake ikaandikwa namba ya ukurasa. Ni mpango mwepesi, na ulitumiwa kwa vizazi kadhaa. Ila Locke aliziacha K, Y na W kwa kuwa hazikumfaa, akaziweka chini ya C, I na U. Jaribu mpango huo kwa Kiswahili uone: "kazi" na "chakula" vinaingia chumba kimoja, "waraka" unakaa pamoja na "utajiri", na "kitabu", "kiti", "kisima" na "kilimo" vinasongamana mahali pamoja. Locke hakukosea, alipanga kwa ajili ya Kilatini chake. Lakini jaribio hili linaonyesha kwamba kila mpangilio hubeba lugha na kazi ya aliyeubuni. Anayechagua programu kwa sababu ya mpangilio wake anachagua akili ya mtu mwingine, na ni lazima aweze kutoka pindi atakapogundua kwamba akili hiyo haimtoshi.

Waliofuata mkasi wa Gessner walifika mbali zaidi. Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyekuwa akipokea mimea na wanyama wapya kutoka kila safari ya baharini, katika miaka ya 1760 alitumia vipande vya karatasi vya takriban sentimita 7.5 kwa 13, ili spishi mpya iingizwe mahali pake bila kuvuruga zilizotangulia. Linnaeus alikufa mwaka 1778. Mwaka 1784 Mwingereza James Edward Smith alinunua mkusanyo wake, na hadi leo vipande hivyo vinasomwa London. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1870, Melvil Dewey na wakutubi wenzake wa Marekani walikubaliana kuhusu vipimo vya kadi. Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa: kadi ya fundi mmoja iliingia kwenye droo ya fundi mwingine, na maktaba ikaweza kubadilisha kabati bila kubadilisha hata kadi moja. Hapo ndipo kipimo cha pamoja kilipoanza kumlinda mwenye kadi dhidi ya muuza kabati.

Mfano unaotajwa sana katika mijadala ya leo ni wa Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliyeandika kadi zipatazo 90,000 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi karibu na kifo chake mwaka 1998. Wengi huzisifu kwa viungo vyake, nao hawakosei, lakini inafaa kuangalia kwa karibu jinsi viungo hivyo vilivyofanya kazi. Kila kadi ilikuwa na namba iliyoandikwa juu yake yenyewe. Kama kadi ya 57/12 ilifuatwa na 57/13, na baadaye likaja wazo la kuendeleza neno moja lililomo katika ile ya kwanza, wazo hilo lilipewa 57/12a, likaingia katikati. Kadi iliyotaka kuelekeza mahali pengine iliandika namba ya huko. Basi. Hakuna kabati, mashine wala mtambo ulioshikilia uhusiano huo; ulishikiliwa na wino. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Bielefeld, kilipozipata kadi hizo mwaka 2011, kiliweza kuanza kuzipiga picha na kuziweka kwenye intaneti pamoja na viungo vyake, ingawa aliyezitunga alikuwa hayupo kueleza.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, yangeweza kupotea na wazee walioyahifadhi kichwani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zilifika London, na kutokana nazo William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mjini Johannesburg mwaka 1940, nusu karne baada ya kifo cha mkusanyaji. Maandishi yalipita mikono, bahari na hata hati mbili, ile ya Kiarabu na ile ya Kilatini, kwa sababu kila aliyeyapokea aliweza kuyasoma na kuyanakili kwa kalamu yake.

Kompyuta ilipokuja ilileta ahadi kubwa na hatari mpya. Mwaka 1945 Mmarekani Vannevar Bush alieleza katika jarida la The Atlantic meza ya kufikirika ambayo ingehifadhi vitabu na barua zote za mtu na kuviunganisha kwa njia alizozikanyaga mwenyewe. Mwaka 1987 Apple ilitoa HyperCard, programu ya kadi zilizounganishwa, na watu wengi waliitumia kupanga masomo na kazi zao. Apple iliacha kuiuza mwaka 2004. Kompyuta mpya za kampuni hiyo zikaja bila uwezo wa kuiendesha, na kadi hizo zikawa mafaili yasiyofunguka kwa njia ya kawaida. Fundisho kali zaidi lilitoka Uingereza. Mwaka 1986 BBC na washirika wake walikusanya picha na maelezo ya nchi nzima kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la ardhi na mali la mwaka 1086. Mkusanyo mpya uliwekwa kwenye diski zilizohitaji mashine ya pekee. Kabla ya miaka 20 kupita, mashine zilizofanya kazi zilikuwa adimu, na ililazimu watafiti watengeneze programu ya kuigiza mashine hiyo ili data isomeke. Daftari la ngozi la mwaka 1086 lilikuwa bado linasomwa.

Historia ya karibuni inathibitisha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Google Notebook ilianza mwaka 2006 na kufungwa mwaka 2012, lakini Google iliyahamishia madondoo ya watumiaji Google Docs, kwa hiyo kifo cha chombo hakikuwa kifo cha maandishi. Evernote, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, ilinunuliwa na kampuni ya Italia, Bending Spoons, na mwishoni mwa mwaka 2023 watumiaji wasiolipa wakawekewa kikomo cha madondoo 50. Walioumia sana ni wale ambao hawakujua kwamba programu hiyo hutoa faili ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma. Waliojua walihama.

Kuna pingamizi tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza husema kwamba maandishi matupu ni maskini: hayana majedwali mazuri, picha, sauti wala utafutaji wa haraka, na kwamba kuyang'ang'ania ni kukataa maendeleo. Jibu ni kwamba utajiri huo unaweza kujengwa juu ya msingi wa wazi. Org-mode ya mwaka 2003 na Markdown ya mwaka 2004 zimeonyesha kwamba kichwa cha habari, orodha na kiungo vinaweza kuandikwa kwa alama chache ndani ya faili la kawaida. Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, imejenga viungo na ramani zake juu ya mafaili hayohayo, na programu ikiondoka mafaili yanabaki. Faharasa na utafutaji ni kazi ambayo mashine huirudia kwa dakika chache. Maneno ya mtu mwenyewe hayarudiwi na mashine yoyote.

Ya pili husema kwamba madondoo mengi ni ya siku moja: namba ya hoteli, orodha ya sokoni, bei ya mabati. Watu wengi Afrika Mashariki huyahifadhi kwa kujitumia ujumbe wa WhatsApp, na wanaona inatosha. Kwa mambo ya siku moja inatosha kweli. Lakini hakuna ajuaye leo ni lipi litakalohitajika kesho. Maelezo ya mpaka wa shamba, dozi ya mgonjwa, au maneno ya mzee kuhusu ukoo huandikwa kwa haraka ileile ya orodha ya sokoni. Simu ikiibiwa bila nakala ya akiba, yote yanakwenda pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata daftari lenyewe limekuwa mali ya kuandikiwa daftari.

Pingamizi ya tatu ina nguvu zaidi: kama uwazi ndio kila kitu, kwa nini tusibaki na karatasi? Historia inakataa. Wabelgiji Paul Otlet na Henri La Fontaine walianza mwaka 1895 huko Brussels kujenga hazina ya kadi iliyozidi milioni 12, kila kadi ikisomeka kwa jicho tupu. Serikali ilifunga milango mwaka 1934, na mwaka 1940 Wajerumani walivamia na kuondoa vitu ili kupata nafasi ya maonyesho yao. Sehemu ya mkusanyo ikaharibiwa. Kilichobaki kimehifadhiwa leo mjini Mons. Hazina hiyo ilikuwa wazi, lakini ilikaa mahali pamoja. Kwa hiyo uwazi unahitaji mwenzake, yaani nakala ya pili, na hapo kompyuta inaishinda karatasi kwa mbali, maana kunakili madondoo ya maisha yote ni kazi ya dakika chache.

Basi, kabla ya kuikabidhi programu kumbukumbu zako, ijaribu. Andika madondoo kumi, yenye picha moja na viungo viwili. Yatoe nje, uyafungue kwa programu nyingine kwenye kompyuta au simu nyingine, bila intaneti. Angalia kama maneno yapo, kama tarehe zipo, kama picha inaonekana na kama viungo bado vinaonyesha vilikokuwa vikielekea. Ikishindwa, iache hata kama ni nzuri kiasi gani. Ikifaulu, ichague kwa sifa nyingine zozote unazozipenda, na kila mwezi toa nakala uiweke mahali pengine. Programu unayoitumia leo itapita kama zilivyopita nyingine. Wajibu wako ni kuhakikisha maneno yako hayapiti nayo.