Mto Mara: Hesabu Ianzie Wapi?

Mradi wowote unaojadiliwa katika ofisi za Bomani, mjini Tarime, hufika na tarakimu zake: ajira, mrabaha, ushuru wa huduma. Mto Mara haufiki na tarakimu. Wachumi wa mazingira wamejitahidi kuziba pengo hilo kwa kuthaminisha huduma za mifumo ikolojia, yaani kukadiria kwa fedha maji yanayochujwa na mafunjo, malisho ya kiangazi, samaki na kaboni iliyohifadhiwa ardhini. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria kuwa huduma hizo duniani kote zina thamani ya wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka. Nia yao naiunga mkono. Ninachokipinga ni kuianza hesabu kwenye bei.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha kupanga zamu. Kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili akiba ya mazingira, ndipo zifuate shughuli za uchumi. Maana yake ni kwamba kipo kiasi cha maji kisichoingia mnadani, hata mnunuzi awe mgodi wa dhahabu. Bei ina kazi yake, lakini kazi hiyo inaanza juu ya mstari wa kiasi hicho. Mthaminishaji anayejumlisha kila tone na kulilinganisha na mapato ya mgodi wa Nyamongo ameuvuka mstari kabla ya kuuona, na mara nyingi mto utashindwa, kwa kuwa mapato ya dhahabu yamo vitabuni na faida za mto zimetawanyika katika ndoo, bustani na mazizi ya watu wasio na vitabu.

Hapo ndipo jumla kubwa inapopotosha zaidi. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi huo wa Nyamongo, uitwao North Mara, hadi mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mara. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu. Faini hupima kosa la mkosaji. Haipimi hasara ya mwenye ndoo. Mama wa Nyamongo anayelazimika kuifuata chemchemi ya mbali hupoteza saa, na mfugaji hupoteza ndama. Uthaminishaji wenye faida kwa uamuzi ni ule unaotaja nani anapoteza, kiasi gani na msimu upi, hata kama jumla yake ni ndogo kiasi cha kutopendeza kwenye ripoti.

Kuna ugumu mwingine, nao ni wa kisayansi. Chanjo ya sotoka waliyopewa ng'ombe pembezoni mwa Serengeti iliufuta ugonjwa huo kwa nyumbu katika miaka ya 1960. Nyumbu wakaongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja. Wakala nyasi nyingi, mioto ikapungua, miti ikarudi. Ricardo Holdo na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kwa njia hiyo Serengeti iliacha kutoa kaboni ikaanza kuifyonza. Ni mthaminishaji gani wa mwaka 1960 angeiandika chanjo ya ng'ombe wa Mkurya katika safu ya kaboni? Bei huwekwa kwa kitu kimoja kimoja, ilhali hapa thamani ilikuwa katika uhusiano. Kwa hiyo tahadhari lazima iwe na nafasi yake kando ya shilingi.

Mfano wa tahadhari hiyo ni barabara. Mwaka 2010 serikali ilipanga barabara ya kupita kaskazini mwa hifadhi ya Serengeti, kuunganisha Mugumu na Loliondo, katikati ya njia ya nyumbu. Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliizuia serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi, katika shauri la shirika la African Network for Animal Welfare. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi, na msingi wake haukuwa bei ya nyumbu bali wajibu wa nchi chini ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ila hukumu iliacha deni. Mkulima wa Mugumu anayehitaji soko, na mgonjwa wa Loliondo anayehitaji hospitali, ndio waliobebeshwa gharama ya kuilinda hifadhi inayoiletea dunia nzima faida. Gharama hiyo inapimika: nauli, muda wa safari, mazao yaliyooza, bei ya kuizunguka hifadhi kwa upande wa kusini. Hii ndiyo hesabu ya kwanza ambayo ningeitaka mezani mjini Mugumu, ikifuatwa na majina ya wanaopaswa kuilipa: hazina ya taifa, kampuni za utalii na wafadhili wa uhifadhi walioipinga barabara kwa sauti kubwa.