Nchi ya angani na wasomaji wake wa duniani

Majuzi nilikuwa katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, nikitafuta koti la mvua. Koti sikupata. Chini ya rundo la mitumba nilikutana na nakala kuukuu ya ‘Kusadikika’, riwaya ya Shaaban Robert, ikiwa imechanika jalada. Nikainunua papo hapo.

Nyumbani nikagundua kwamba kitabu hicho kilikuwa na mali mbili: hadithi yenyewe na wasomaji wake. Pembezoni mwa ukurasa mmoja mtu aliandika kwa penseli: “Karama ni TANU. Mfalme ni mkoloni.” Chini yake, mkono mwingine ukajibu kwa kalamu ya wino: “Wapi! Huyu ni chifu wetu.” Maandishi hayo mawili ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya.

Kwa asiyeisoma, Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri, Majivuno, kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Akijitetea, anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hao walitumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini, kutafuta yatakayoifaa nchi. Kila aliyerudi na maarifa alitupwa gerezani.

Sasa tumpime msomaji wa penseli kwa kalenda. Riwaya hii ilichapishwa mwaka 1951. TANU iliundwa 1954. Kwa hivyo Karama hawezi kuwa TANU, hata tukivuta namna gani. Lakini mkoloni je? Hapo penseli ina hoja. Mwandishi aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, akaanza kama karani wa forodha huko Pangani katika miaka ya 1920. Mtu anayekula mshahara wa serikali hawezi kuisema waziwazi. Akiipandisha nchi angani, nani atamshika?

Tazama pia lugha aliyoitumia. ‘Sadiki’ ni kuamini. Ukiongeza kiambishi cha kauli ya kutendeka unapata ‘sadikika’, yaani kuweza kuaminiwa. Kitenzi hiki hakidai kwamba jambo lipo; kinasema tu kwamba linaaminika. Ndivyo ilivyo na ‘Kufikirika’, riwaya yake nyingine, iliyowafikia wasomaji baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962: nchi inayowezekana kufikiriwa. Ni mipaka iliyochorwa kwa sarufi, na kila msomaji anaingia humo na mfalme wake mwenyewe.

Historia ya usomaji inathibitisha hilo. Baada ya uhuru, wengi waliisoma ‘Kusadikika’ kama fumbo la ukoloni, na usomaji huo ndio uliozoeleka madarasani. Enzi ya Ujamaa, baadhi ya wahakiki walimlaumu Shaaban Robert kwamba wahusika wake ni wema mno au waovu mno, na kwamba haki yake inategemea hisani ya mtawala. Euphrase Kezilahabi, aliyezitafiti riwaya hizo katika tasnifu yake ya uzamili, alikuja baadaye kuandika ‘Nagona’ (1990) na ‘Mzingile’ (1991), riwaya za kinjozi ambazo hazimpi msomaji hata uhakika wa ardhi anayokanyaga. Wapo waliozisifu, wapo waliolalamika kwamba hazieleweki.

Wiki iliyofuata nilirudi Daraja Mbili. Mama aliyeniuzia kitabu akaniuliza, “Mwalimu, kile kitabu kilikuwa kinasema nini?” Nikamsimulia mpaka mwisho, mfalme anapoikubali hoja ya Karama. Akakunja suruali aliyokuwa nayo mkononi, akauliza: “Na kama mfalme angekataa?”

Nilikosa la kusema. Mama huyu hajawahi kuisoma riwaya hiyo, lakini alikuwa amefika pale pale walipofika wahakiki wa Ujamaa.

Hapa ndipo ninapokwaruzana na baadhi ya walimu wenzangu. Tumewazoesha wanafunzi kwamba fumbo lina jibu moja: mfalme ni mkoloni, andika, pata alama, funga kitabu. Mwanafunzi aliyeandika “chifu wetu” angepata sufuri. Ilhali yeye ndiye aliyeisoma hadithi kama inayomhusu. Sisemi kila tafsiri ni sawa. Anayedai Karama ni TANU lazima aonyeshwe tarehe. Anayedai ni chifu wake naye aonyeshe ni tendo gani katika hadithi linalomfanya aseme hivyo. Tarehe inatuambia mwandishi angeweza kumaanisha nini. Haituambii msomaji wa Kisii akomee wapi.

Basi, mwalimu mwenzangu, ukiingia darasani na riwaya ya aina hii, usianze na “nani ni nani?” Anza na swali la yule mama wa mitumba. Mimi nimeshaliandika pembezoni mwa ukurasa wa mwisho, kwa penseli, na nimewaachia nafasi watakaotaka kulijibu.