Mabatini: Kaya Nyingi Juu ya Mwamba

Anayetoka katikati ya jiji la Mwanza kwa Barabara ya Nyerere, akielekea Buzuruga, Nyakato na mbele zaidi Musoma, hukutana na Mabatini kabla hajaenda mbali. Barabarani daladala na bodaboda zinagombea abiria, na waenda kwa miguu wana daraja lao la kuvukia juu ya magari. Mto Mirongo unapita hapo ukishuka kwenda ziwani. Ukiinua macho, mlima wote ni mawe makubwa, na katikati ya mawe kuna nyumba: nyingine imeegemea jabali, nyingine msingi wake ndiyo jabali lenyewe. Njia za kupandia ni nyembamba kiasi kwamba wawili wakikutana na madumu ya maji, mmoja husubiri mwenzake apite.

Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, wilaya iliyoongezeka watu kwa kasi kubwa katika muongo uliopita. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Nyamagana na watu 363,452. Ile ya 2022 iliwakuta 594,834, yaani ongezeko la takriban asilimia 64 ndani ya miaka kumi. Jirani yake Ilemela ilitoka watu 343,001 hadi 509,687. Mkoa mzima wa Mwanza, wenye wilaya za wakulima na wavuvi, uliongezeka kwa asilimia 33 na kufikia watu 3,699,872. Maana yake, kati ya kila watu 100 walioongezeka mkoani katika muongo ule, 43 waliongezeka katika wilaya hizi mbili za mjini.

Watu hao walilala wapi? Nyamagana haikupata ardhi mpya, na milima ya Mabatini haikusogea. Jibu limo ndani ya nyumba, na ili kulielewa ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, na chini ya Waingereza mji ukawa makao makuu ya Jimbo la Ziwa. Kilichoubadili hasa ni reli. Mwaka 1928 njia ya kutoka Tabora ilifika ufukweni, na tangu hapo pamba ya Usukuma ikawa na pa kupitia kwenda pwani. Viwanda vya kuchambua pamba, maghala na bandari vilihitaji mikono. Mwaka 1955 wakulima chini ya uongozi wa Paul Bomani waliunganisha vyama vyao na kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Fedha ya pamba iliingia mjini, na wafuata fedha nao wakaingia.

Hata hivyo Mwanza ya uhuru ilikuwa mji mdogo. Sensa ya kwanza baada ya uhuru, ya mwaka 1967, iliukuta na watu wasiozidi 35,000. Miaka miwili baadaye Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano uliutaja miongoni mwa miji tisa iliyochaguliwa kukuzwa ili mzigo wa Dar es Salaam upungue. Sensa ya 1978 ilikuta watu zaidi ya 110,000, mara tatu ya wale wa awali.

Viwanja vilivyopimwa havikutosha. Baada ya uhuru, sera ilikuwa kubomoa makazi holela na kujenga nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Ilipodhihirika kwamba nyumba zinazobomolewa ni nyingi kuliko zinazojengwa, serikali ilibadili mwelekeo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ulikuja mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya: mwananchi apewe kiwanja, maji na barabara, nyumba ajenge mwenyewe. Lakini viwanja hupimwa kwenye ardhi inayopimika. Mlima wa mawe karibu na mjini haukuwa na bei kubwa wala ramani. Mtu wa kipato kidogo aliyetaka kwenda kazini kwa miguu alipanda huko.

Wimbi jingine lilitoka majini. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alienea kwa wingi kufikia miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza kwa ajili ya soko la Ulaya na kwingineko. Wakaja wavuvi, wachuuzi, wapakiaji, madereva, mafundi wa boti, mama lishe. Wasukuma walikuwapo tayari. Waliongezeka Wakerewe, Wakara, Wajita, Wahaya, Waha, Wakurya na Wazinza. Mwaka 2000 Mwanza ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Kisiwani Ukerewe, mwendo huo unaonekana kwa upande wa pili. Wilaya ile, ambayo kisiwa chake cha Ukara kimejulikana tangu ukoloni kwa wingi wa watu na ardhi finyu, iliongezeka kutoka watu takriban 345,000 mwaka 2012 hadi 388,000 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la asilimia 12 tu. Ukerewe watoto wanazaliwa kama kwingine. Ila kijana akikosa shamba hupanda meli, na bandari inayompokea ni Mwanza.

Msomaji anayelinganisha sensa za mkoa huu atakutana na jambo linaloweza kumchanganya. Mwaka 2002 Mwanza ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.9, mwaka 2012 inaonekana na 2,772,509, kana kwamba watu wamepungua. Hawakupungua. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulianzishwa, sehemu yake kubwa ikamegwa kutoka Mwanza. Takwimu za mahali huenda pamoja na mipaka yake, na Mwanza mipaka imebadilika mara kadhaa.

Tuingie sasa ndani ya nyumba. Kwa sensa ya Tanzania, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, chakula kwanza. Wanaweza kuwa ndugu au la. Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na mvuvi, mlinzi au muuguzi aliyekesha kazini huhesabiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo nyumba moja ya Mabatini yenye vyumba sita na ukumbi katikati inaweza kuwa na mwenye nyumba katika vyumba viwili na kaya nne za wapangaji katika vilivyobaki. Ni nyumba moja, kaya tano, majiko matano, choo kimoja.

Kitaifa, wastani wa watu katika kaya ulikuwa 4.7 mwaka 2012, ukashuka hadi 4.3 mwaka 2022. Kushuka huko kunaweza kusikika kama nafuu. Kwa mtaa wa wapangaji kuna upande mwingine: watu walewale wakigawanyika katika kaya ndogondogo, vyumba vinavyohitajika huongezeka. Kijana anayeondoka kwa kaka yake na kupanga chumba chake hajaongeza idadi ya watu wa jiji hata kwa mmoja, lakini ameongeza kaya. Akioa, chumba kinakuwa chumba na sebule. Akipata watoto na akiba, hutafuta kiwanja pembezoni, Buhongwa au Kishili, na chumba alichokiacha hupata mtu mwingine upesi. Hivyo pembezoni jiji linakua kwa viwanja, na katika kata za zamani za mlimani linakua kwa vyumba.

Tofauti hiyo ya nyumba na kaya hujitokeza mahali pengi, hata kwenye mita ya umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni yule aliyenunua umeme. Penye mita moja na kaya tano, wapangaji huchangishana, na yule ambaye zamu yake inaangukia siku ya makato hupata uniti pungufu kwa fedha ileile. Ni juu yao kulizungumza na mwenye nyumba. Mfumo unaijua mita. Kaya zilizo nyuma ya mita hauzijui.

Kwenye choo tofauti hiyo hugusa afya. Mwamba hauchimbiki, shimo huwa fupi, na gari la majitaka haliwezi kupanda. Kwa miaka mingi mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa mlimani ulishuka na maji hadi Mto Mirongo, na kutoka hapo hadi ziwani, kwenye maji yaleyale jiji linayoyachota na kuyasafisha kwa kunywa. Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, kwa fedha kutoka Ulaya, ilileta njia nyingine Mabatini, Igogo na Kilimahewa: mabomba membamba yanayopitishwa kina kifupi katikati ya nyumba, yakifuata mteremko wa mawe, na kuungana na bomba kuu linalopeleka majitaka kwenye mabwawa ya kutibia. Haikulazimu kubomoa mtaa ili kupitisha barabara kwanza. Ilikubaliwa kwamba watu wapo pale walipo, na mabomba yakafuata milango yao.

Huo ndio mfano ambao huduma nyingine zingepaswa kuuiga. Shule, zahanati, vizimba vya taka na vituo vya maji vya Mabatini haviwezi kupangwa kwa idadi ya mapaa yanayoonekana kutoka barabarani. Sensa ya 2022, iliyosimamiwa na Kamisaa Anna Makinda na kufanyika kwa vishikwambi badala ya karatasi, ilikuwa ya kwanza kuambatana na sensa ya majengo. Nchini kote yalihesabiwa majengo zaidi ya milioni 14. Kwa hiyo sasa upo uwezekano wa kuweka jengo na kaya zake upande kwa upande, mtaa kwa mtaa, tena pamoja na anwani za makazi zilizowekwa mwaka huohuo. Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi, na inayofuata inatarajiwa mwaka 2032. Kabla ya hapo kuna bajeti kadhaa za halmashauri, na wenyeviti wa mitaa ya Mabatini wana haki ya kuuliza katika kila moja: hesabu hii imefanywa kwa nyumba, au kwa kaya?