Sosi ya teriyaki isiyo na kileo kwa mishikaki ya Muhima

Muhima, eneo linaloteremka kutoka katikati ya jiji la Kigali kuelekea Nyabugogo, ni mahali ambapo mishikaki ya mbuzi haihitaji kutambulishwa. Kwa kawaida hukolezwa kwa chumvi, kitunguu na pilipili. Teriyaki, sosi ya Kijapani yenye utamu na chumvi kwa pamoja, hupatana vema na nyama hiyo. Lakini kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili jijini, kuna kikwazo: mapishi ya asili yana kileo.

Jina hilo limeundwa na maneno mawili ya Kijapani, teri, yaani mng'ao, na yaki, yaani kuchoma. Wajapani huchanganya sosi ya soya, sukari, sake, ambayo ni pombe ya mchele, na mirini, pombe tamu ya jikoni ambayo ile halisi huwa na kileo cha takriban asilimia 14. Wapo wanaoamini kwamba moto huondoa kileo chote. Sivyo. Kwa mujibu wa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichotiwa kileo kikachemshwa kwa dakika 15 hubakiwa na takriban asilimia 40 ya kileo hicho. Baada ya nusu saa hubaki asilimia 35.

Kwa bahati njema, kazi kubwa ya mirini ni kuleta utamu na mng'ao, na kazi hiyo sukari na asali huiweza bila taabu. Chukua mililita 120 za sosi ya soya na maji kiasi hichohicho, vijiko vikubwa vitatu vya sukari, kimoja cha asali na kimoja cha maji ya ndimu. Ongeza kipande cha tangawizi kilichokunwa na punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa. Chemsha kwa moto mdogo dakika tano, kisha chuja. Koroga vijiko viwili vidogo vya wanga wa mahindi katika maji baridi kidogo, mimina polepole huku ukikoroga, na uipue sosi inapoanza kushika mgongo wa kijiko. Ikipoa itazidi kuwa nzito, hivyo usingoje iwe kama uji. Chumvi isiongezwe.

Sosi ya soya yenyewe huchachushwa kwa soya, ngano na chumvi, na uchachu huo huzaa kileo kidogo. Baadhi ya viwanda huongeza kingine ili isiharibike. Asomaye lebo na kutafuta alama ya halali atajua anachonunua. Asiyeweza kula ngano naye asome.

Kosa la kawaida ni kuipaka nyama sosi mapema. Sukari huungua upesi juu ya makaa, na mshikaki huwa mweusi na mchungu nje ilhali ndani ungali mbichi. Nyama ichomwe hadi ikaribie kuiva, ndipo ipakwe mara mbili au tatu katika dakika za mwisho. Sosi iliyoguswa na brashi ya nyama mbichi isirudishwe chupani. Mishikaki ya tofu, ambayo Kigali imeizoea, hufaidika zaidi ya nyama, kwa kuwa tofu haina ladha nyingi ya kwake.

Wenye shinikizo la damu wawe waangalifu. Kijiko kikubwa cha sosi hii kina zaidi ya gramu moja ya chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Kupaka, basi, ni bora kuliko kumwagia.

Katika chupa safi ndani ya friji, sosi hukaa takriban wiki moja. Kwa nyumba isiyo na friji, ipikwe ya kutosha mlo mmoja tu.