Sauti ya Mwandishi na Dhamira ya Hadithi: Historia ya Somo Moja, Kuanzia Pugu

Vilima vya Pugu viko mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam, kando ya njia ya reli iendayo bara. Juu ya vilima hivyo Wakatoliki walijenga chuo cha Mtakatifu Fransisko, ambacho leo ni Shule ya Sekondari Pugu. Julius Kambarage Nyerere aliporudi kutoka Uingereza mwezi Oktoba 1952 alipata kazi ya ualimu hapo. Alifundisha Historia, Kiingereza na Kiswahili, hata mwaka 1955 alipojiuzulu ili akitumikie chama cha TANU, kilichoasisiwa tarehe 7 Julai 1954.

Pugu ikitajwa, watu hukumbuka siasa, na wana haki. Lakini mwalimu hakukaa darasani akingoja tu kuwa kiongozi. Alikuwa na vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Nataka kuzungumzia sehemu hiyo ya kazi ambayo wanahistoria huipita haraka, yaani somo la hadithi: jinsi vijana wetu walivyofundishwa kuitafuta dhamira, na jinsi walivyonyimwa, bila ya mtu kukusudia, mafunzo ya kuisikia sauti inayoibeba dhamira hiyo. Naanza Pugu kwa sababu ya mwalimu huyo, na pia kwa sababu somo nitakalolisimulia mwishoni nimelishuhudia upande huo huo, miaka zaidi ya sitini baada yake.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Dhamira ni lile jambo kuu ambalo mwandishi analifikiri kwa njia ya hadithi yake. Toni ni sauti anayolisemea: ya upole, ya hasira, ya kejeli, ya huzuni, ya mzaha. Wanafunzi hudhani kwamba toni ni jambo geni la vitabuni, kumbe wameijua tangu utotoni. Mama aliyemtuma mtoto dukani asubuhi, akamwona anarudi adhuhuri, akamwambia, "Karibu mgeni wetu," hamkaribishi. Mtoto analijua hilo kabla hajaingia ndani. Anayetazama maneno peke yake atasema dhamira ni ukarimu.

Katika miaka ile ya ukoloni hadithi za Kiswahili zilizochapwa kwa ajili ya shule zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa tafsiri. Frederick Johnson alitufasiria Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929. Mwaka 1934 James Mbotela wa Kenya alitoa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichosomwa sana katika shule zetu. Swali lililozoeleka baada ya kusoma lilikuwa moja: hadithi hii yatufundisha nini? Swali hilo halikuletwa na wakoloni peke yao. Wazee wetu nao walimaliza ngano kwa kuuliza funzo lake. Lakini babu alipouliza alikuwa amekwisha kuisimulia ngano kwa sauti yake mwenyewe, amemwigiza sungura na fisi, amenyamaza panapostahili. Msikilizaji alifika kwenye funzo akiwa amepitia kwenye sauti. Kitabu kilipoingia, sauti ilibaki nje na swali likaendelea kuulizwa. Ndipo Uhuru wa Watumwa ikaweza kusomwa miaka mingi kama habari ya kukomeshwa kwa utumwa tu, bila ya mwanafunzi kuulizwa: shukrani hii iliyojaa kurasani yaelekezwa kwa nani, na kwa nini ni nyingi hivi?

Mwaka 1951, kabla Nyerere hajafika Pugu, ilikwisha kutoka Kusadikika ya Shaaban Robert. Hapa nitakaa kidogo, maana hakuna kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi jambo ninalolisema. Nchi ya Kusadikika yaelea angani. Karama anashtakiwa na waziri, Majivuno, kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na mema ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Asomaye haraka huona hekaya ya nchi ya ajabu, na huandika kwamba funzo ni subira. Lakini isikilize sauti ya Karama. Ni ya adabu mno. Anawaheshimu waliomshtaki, anapanga maneno yake kama mtu anayepanga vyombo vya kaure, na kadiri adabu inavyozidi ndivyo aibu ya wakubwa inavyozidi kuonekana. Hatukani mtu hata mmoja. Kitabu kilichapwa chini ya pua ya serikali ya kikoloni, na mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Sisi tuliozeeka katika ofisi twaielewa sauti hiyo. Barua ikisema, "Maombi yako yanaendelea kushughulikiwa," karani wa masjala anajua jalada liko wapi na limelala muda gani. Lugha ya ofisi ina toni zake, na anayezikosa hupoteza nauli bure.

Nyerere mwenyewe, akiwa amekwisha kuacha chaki, alitupatia mfano mwingine. Mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Ni tamthilia, wala si hadithi, lakini ndani yake mna somo kamili la toni. Antoni anaruhusiwa kusema juu ya maiti ya Kaizari kwa sharti asiwalaumu waliomwua. Anakubali, na kwa maneno analitimiza sharti. Anamsifu Bruto kwa sifa ile ile, tena na tena, na kila inaporudi inapoteza uzito kidogo, mpaka sifa inageuka kuwa shtaka na umati unachukua mienge. Hakuna neno moja unaloweza kumkamata nalo. Mfasiri asiyesikia jambo hilo angeweza kutafsiri kila neno kwa usahihi na bado akaiua hotuba.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na maandiko ya Elimu ya Kujitegemea yaliyofuata Machi mwaka huo, fasihi ilipewa kazi mpya ya kujenga taifa. Ngonjera za Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, zikaenea shuleni. Mimi mwenyewe nimesimama mstarini nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nikawa upande wa mjinga anayepinga, mwenzangu upande wa mwerevu anayeelimisha, na mwishoni nikakubali kwamba nimekosea. Nilizipenda, na hata leo siwezi kuzidharau, kwa kuwa zilitufundisha kusema mbele ya watu na kusikia mizani. Ila zilitupa tabia moja yenye hasara. Zilituzoeza kungoja kwamba mwishoni mtu atatokea atamke dhamira waziwazi. Mwandishi wa hadithi hana wajibu huo, na aliye hodari huukwepa.

Hasara hiyo ilidhihirika mwaka 1971. Kijana wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Rosa analelewa kwa ukali na baba mlevi, Zakaria, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akienda mbali na nyumbani anapotea katika mapenzi ovyo, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu kilipotoka kilipigwa marufuku shuleni. Waliokikataa hawakuwa wajinga. Walikuwa walezi waliowahofia watoto wao, nami kama mzazi naifahamu hofu hiyo. Lakini kosa lao lilikuwa kosa la usomaji. Waliyaona matendo ya Rosa, wakayahesabu, wakadhani kwamba kinachosimuliwa kinasifiwa. Hawakusikiliza sauti inayosimulia. Sauti hiyo hailambi midomo. Ni kavu, ya haraka, karibu ya kikatili panapohusu starehe, na inalegea na kuhuzunika panapohusu mtoto aliyelelewa kwa woga. Mwenye kuisikia anajua kwamba aliyewekwa kizimbani si Rosa peke yake. Baadaye riwaya hiyo hiyo ilikubaliwa na ikasomwa sana katika sekondari. Halikubadilishwa neno, wasomaji ndio waliojifunza kusikia.

Wakati huo taaluma nayo ilikuwa ikikua. Idara ya Kiswahili ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Tanzania ikajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Vitabu vya uhakiki vikaanza kupatikana kwa Kiswahili. Fasihi ya F.E.M.K. Senkoro, kilichotoka mwaka 1982, kilimsaidia mwalimu aliyekuwa hana pa kushika. Tukapata istilahi za fani na maudhui. Chini ya maudhui tukaweka dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa. Chini ya fani tukaweka muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mpango huo ulikuwa msaada mkubwa, wala sijaona ulio bora wa kuanzia.

Lakini toni ikapata shida ya makazi. Haikai vizuri katika fani, kwa sababu inabeba maoni ya mwandishi. Wala haikai katika maudhui, kwa sababu inaishi ndani ya maneno yenyewe. Katika majibu mengi ya mtihani ikawa haina nyumba. Mwanafunzi akiulizwa ajadili dhamira kwa hoja tatu kutoka kila riwaya, hutoa orodha: ukombozi wa mwanamke, rushwa, mapenzi, malezi, kila moja na mfano wake. Orodha hiyo yaweza kutungwa kutokana na muhtasari, kitabu kikiwa hakijafunguliwa. Hata Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, huandikiwa "umoja na ukombozi" na kufungwa, ilhali sauti yake imejaa mashaka ya mtu anayeyaogopa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, na bado mwishoni anakataa kuyakana mbele ya Mjerumani.

Sasa nirudi Pugu. Mwaka juzi mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ya huko, mtu ninayefahamiana naye kwa ajili ya mashairi, aliniomba nifike katika kidato cha tatu. Hakutaka nihutubie. Aliniomba nitunge aya moja fupi, isiyo katika kitabu chochote, ili pasiwe na muhtasari wa kukimbilia. Niliandika hivi:

"Mwenyekiti wetu ni mtu mwenye huruma isiyo kifani. Mvua ilipobomoa nyumba saba za bondeni, hakutuma mtu, alikuja mwenyewe. Alituona vizuri kabisa, maana kioo cha gari lake ni safi. Alituhurumia kwa dakika nne nzima. Akaahidi kurudi tope likikauka, na sisi twalitazama tope kila asubuhi."

Mwalimu aliisoma kama vile mtu asomavyo risala mbele ya mgeni rasmi, akawaambia waandike dhamira. Wengi wa darasa waliandika "uongozi bora". Kijana mmoja aliandika "athari za mvua", mwingine "umuhimu wa kutunza mazingira", nami nikajiuliza mazingira ameyaokota wapi. Msichana aliyekaa karibu na dirisha hakuandika kitu. Alikuwa ameziba mdomo kwa daftari, anacheka.

Mwalimu hakumuuliza dhamira. Alimuuliza, "Umecheka uliposikia neno gani?" Akasema, "Nzima." Basi mwalimu akaisoma aya mara ya pili, polepole, kwa sauti ya jirani aliyechoka, kisha akafuta neno hilo ubaoni. Ikabaki "kwa dakika nne". Akauliza kilichopungua. Walikaa kimya, halafu mmoja akasema kwamba sasa msimulizi anatoa habari tu, kwanza alikuwa akisema kitu. Kikafutwa kioo cha gari. Wakasema sasa huenda mwenyekiti alishuka. Yakarudishwa maneno yote, na "huruma isiyo kifani" ikasomwa tena, na safari hii darasa zima lilicheka kabla mwalimu hajafika kwenye kituo. Ilichukua dakika kumi hivi. Hakutumia istilahi hata moja mpaka hapo. Neno toni aliliandika ubaoni baada ya kicheko, kama mtu anayempa jina mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Nilidhani somo limekwisha. Mwalimu akafuta "uongozi bora" na kuandika "uongozi mbaya", na wengi wakaanza kunakili. Ndipo yule kijana wa athari za mvua aliponyoosha mkono. Alisema haoni kwamba msimulizi anamcheka mwenyekiti peke yake. "Mwenyekiti ameondoka," alisema. "Wanaolitazama tope kila asubuhi ni wao." Mwalimu alinitazama mimi, mtungaji, kana kwamba ninalo jibu. Sikuwa nalo, sentensi ile ya mwisho niliiandika kwa ajili ya mlio wake tu, sikujua kwamba ndani yake nimejiweka mwenyewe. Mwalimu akafuta na "uongozi mbaya" pia. Garimoshi lilikuwa likipita bondeni, tukalisubiri lipite. Nafasi ile ya ubaoni ilikuwa bado wazi kengele ilipolia, na wanafunzi wanne au watano walibaki kwenye madawati yao wakibishana nini kiandikwe.